Mazoezi mepesi na kutuliza akili baada ya saratani ya matiti: mwongozo kwa mama mtu mzima

Maswali ni yale yale, na kila anayeuliza huuliza kwa sauti ya chini kana kwamba yeye peke yake ndiye asiyejua. Nikiinua mkono huu, hautavimba? Matibabu yamekwisha, mbona mwili bado umechoka? Daktari kasema nifanye mazoezi; mazoezi gani kwa umri huu? Na lile la mwisho, ambalo huja baada ya mengine yote kujibiwa: usiku nikilala mawazo yananijia, nifanyeje?

Nayajibu yote kwa pamoja hapa. Mwongozo huu unamhusu mama wa miaka 60 na kuendelea aliyemaliza upasuaji, tibakemikali au mionzi, ambaye vidonda vyake vimefunga, hata kama bado anameza dawa za homoni. Kama zamani ulikuwa mtu wa mazoezi makali, haya utayaona mepesi mno. Yafanye hivyo hivyo yalivyo kwa wiki mbili za kwanza.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu mwanzo: usitenganishe kutuliza akili na kunyoosha viungo. Baada ya upasuaji, ngozi ya kifuani, kwapani na sehemu ya ndani ya mkono mara nyingi hubaki na ganzi, kwa sababu mishipa midogo ya fahamu ilikatwa. Ile taarifa ya maumivu ambayo zamani ingekuambia "basi, hapo pametosha" siku hizi huchelewa au haiji kabisa. Anayeinua mkono huku akiwaza mambo mengine hupita kikomo bila kujua. Kutulia na kuufuatilia mwili ndiko kunakokulinda, kwa hiyo dakika zile za pumzi hapa chini usiziruke ukidhani ni mapambo.

Kabla hujaanza: mzungumze na daktari

Nenda na maswali haya yameandikwa, maana ukifika mbele ya daktari utayasahau.

Tezi ngapi za limfu (vijitezi vinavyochuja majimaji ya mwili) zilitolewa kwapani, na je, kwapa lilipigwa mionzi? Kadiri tezi nyingi zinavyotolewa, na mionzi ikiongezwa juu yake, ndivyo uwezekano wa mkono kuvimba unavyoongezeka. Uvimbe huo unaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya matibabu.

Mifupa yangu ina hali gani? Dawa za homoni kama anastrozole, letrozole na exemestane hupunguza uimara wa mifupa, na umri nao unachangia. Ukiambiwa mifupa imepungua uimara, mazoezi ya kuinama mbele kwa kupinda mgongo na ya kujinyonga kiuno kwa nguvu hayakufai.

Moyo wangu je? Waliotibiwa kwa doxorubicin au trastuzumab, dawa za saratani zinazoweza kudhoofisha moyo, wanahitaji jibu la wazi kuhusu moyo kabla ya kuongeza mwendo.

Na kama titi lilitengenezwa upya kwa msuli uliotolewa tumboni au mgongoni, uliza ni miondoko ipi ambayo bado hujaruhusiwa. Ikiwa saratani imewahi kuonekana kwenye mifupa, usianze peke yako kabisa; mazoezi yako yapangwe na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua ni mfupa gani.

Vitu vya kuwa navyo

Kiti imara kisicho na magurudumu, cha kukaa nyayo zikigusa sakafu. Kiegemeze ukutani. Taulo ndogo, mto mmoja, tepu ya kupimia kama ile ya fundi cherehani, daftari na kalamu. Viatu vilivyofunika mguu na visivyoteleza. Kama tibakemikali ilikuachia ganzi miguuni, usifanye mazoezi ya kusimama ukiwa peku wala na soksi tupu. Ikiwa unavaa titi bandia, livae pia wakati wa mazoezi ya kusimama, kwa sababu uzito wa upande mmoja ukikosekana mwili hujipinda kidogo na bega hupanda. Kama ulipewa soksi ya kubana mkono, vaa kama ulivyoelekezwa.

Tepu ni ya nini? Kabla ya siku ya kwanza, pima mzunguko wa mikono yote miwili katika sehemu nne: kwenye kifundo, sm 10 juu ya kifundo, kwenye mkunjo wa kiwiko, na sm 10 juu ya kiwiko. Andika tarehe na namba. Mkono unaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kwa kawaida, hilo lisikutishe. Unachotafuta ni mabadiliko: upande wa upasuaji ukizidi mwingine kwa sm 2 au zaidi mahali popote, na mwanzoni haikuwa hivyo, rudi kliniki. Pima tena kila mwezi. Wanawake wengi hawapimi mwanzoni, halafu baadaye hawana namba ya kulinganisha nayo, na hofu inachukua nafasi ya kipimo.

Siku ambazo hutakiwi kufanya

Acha mazoezi na utafute huduma siku hiyo hiyo ukiona mkono au kifua kimekuwa chekundu, cha moto na kinauma, hasa ukiwa na homa. Vivyo hivyo kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, kwa sababu huenda damu imeganda mguuni. Tamoxifen, nayo ni dawa ya homoni, huongeza hatari hiyo kidogo. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla au kuzimia ni dharura. Maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia hata ukilala yanahitaji kuchunguzwa haraka, na yakiambatana na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo, usisubiri kesho.

Uchovu wa kawaida haumo kwenye orodha hii. Nitarudi kwake.

Hatua kwa hatua

1. Chagua saa yako. Dakika 20 hivi zinatosha kuanzia. Wengi wanaomeza dawa za homoni huamka viungo vikiwa vimekakamaa, kwa hiyo alfajiri si saa njema kwao. Subiri mwili uchangamke. Usifanye mara baada ya kula. Kidogo kila siku kinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi inayokulaza hadi Jumanne. Wiki ya kwanza awepo mtu ndani ya nyumba, hata kama yuko chumba kingine.

2. Kaa. Nyayo zote mbili sakafuni, magoti yameachana kwa upana wa nyonga, mgongo wima bila kujikaza. Viganja juu ya mapaja. Kama bega la upande wa upasuaji linavuta, uweke mkono huo juu ya mto.

3. Pumzi, dakika 3. Fumba macho au yaelekeze sakafuni, vyote ni sawa. Usibadilishe pumzi yako. Ifuate tu: inaingia puani, inafika kifuani, tumbo linainuka, inatoka. Baada ya muda mfupi utakuta akili imeshakwenda zake, pengine kwa mwanao, pengine kwenye majibu ya kipimo. Haijaharibika kitu. Ukishagundua imekwenda, irudishe kwenye pumzi inayofuata bila kujilaumu. Kule kugundua na kurudi ndilo zoezi lenyewe, na atakayerudi mara ishirini amefanya mazoezi mengi zaidi ya aliyerudi mara mbili.

Kosa ninaloliona sana hapa ni kuvuta pumzi kubwa kubwa kwa bidii. Mtu hupata kizunguzungu, vidole vinamchonyota, halafu anasema zoezi halimfai. Pumua kama unavyopumua ukiwa umetulia.

Wapo ambao kuisikiliza pumzi huwaongezea wasiwasi, hasa waliowahi kubanwa na pumzi wakati wa matibabu. Kama ni wewe, achana na pumzi. Fumbua macho, sikia uzito wa nyayo zako sakafuni, kisha sikiliza sauti zilizopo, ya karibu na ya mbali. Faida ni ile ile.

4. Pitia mwili, dakika 2 hadi 4. Peleka akili kwenye nyayo, halafu vigimbi, magoti, mapaja, nyonga, mgongo, viganja, mikono, mabega, shingo, uso. Kila mahali jiulize swali moja tu: pakoje sasa hivi? Pana joto, pamekaza, panauma, pana ganzi, au hapasikiki kitu? Jibu lolote ni sahihi.

Sasa tuzungumze kuhusu kifua, maana hapa ndipo wengi huruka. Akili inatoka tumboni inarukia shingoni, kana kwamba katikati hapana kitu. Naelewa kwa nini. Kuna wanaooga bila kuangalia kovu, wanaovaa wakiwa wamekipa kioo mgongo, na wamefanya hivyo kwa miaka. Sikulazimishi kulipenda kovu lako; sidhani mtu ana haki ya kumwagiza mwenzake hilo. Ninachoomba ni kidogo zaidi. Weka kiganja juu ya nguo, upande wa upasuaji, kwa muda wa pumzi tatu. Sikia joto la kiganja, na sikia mbavu zinavyoinuka na kushuka chini yake. Kama ngozi haina hisia, kiganja kitakuwa ndicho kinachosikia, na hilo linatosha. Machozi yakija, yaache yatoke, kisha rudisha akili kwenye nyayo. Ikiwa leo haiwezekani, weka kiganja tumboni na ujaribu wiki nyingine.

Ipo sababu ya kimwili pia. Tishu zilizopigwa mionzi zinaweza kuendelea kukaza kwa miezi na hata miaka. Anayekipitia kifua chake kila siku hugundua mapema bega linapoanza kuvutwa mbele, au uvimbe mdogo ambao jana haukuwepo.

5. Mabega na shingo. Pandisha mabega kuelekea masikioni ukivuta pumzi, yashushe taratibu ukiitoa. Mara 5. Yazungushe kwa nyuma mara 5. Geuza uso kulia, rudi katikati, kushoto, rudi. Shingo usiizungushe duara zima. Kwa umri huu inaweza kuleta kizunguzungu bila faida yoyote.

6. Inua mkono ukisaidiwa na mwenzake. Shikanisha vidole vya mikono yote miwili mapajani. Ukitoa pumzi, mkono usio na upasuaji uubebe ule wa upasuaji, mwende juu polepole mbele ya uso. Simama pale unapoanza kusikia kuvuta. Hapo hapo pumua mara mbili, ukipeleka akili kwapani na ubavuni. Kuvuta kukilegea, panda kidogo tena. Kusipolegea, shuka. Fanya mara 5.

Tofautisha kuvuta na kuumia. Kuvuta ni kwa upana, kunalegea unapopumua, na kunaisha ukishusha mkono. Kuumia ni kwa ncha, kunachoma au kunakata, na kunabaki hata baada ya kushusha. Kuvuta ni ruhusa ya kuendelea. Kuumia ni amri ya kurudi nyuma. Na usibane pumzi unapoinua: pumzi ikibanwa shinikizo la damu hupanda, na kama huwezi kupumua mahali ulipofika basi umekwenda mbali mno.

Ukiona au kugusa kitu kama uzi uliokazwa chini ya ngozi, kutoka kwapani kuelekea kiwiko, usikivute kwa nguvu kukikata. Hutokea baada ya upasuaji wa kwapa na mtaalamu wa fiziotherapia anajua namna ya kukilegeza.

7. Tambaza vidole ukutani. Simama ukitazama ukuta, umbali wa nusu hatua. Vidole vya upande wa upasuaji vipande ukutani kimoja kimoja hadi pale kuvuta kunapoanza, pumua mara mbili, teremka. Mara 3 hadi 5. Bega lisipande sikioni; likipanda ni dalili kwamba unadanganya kimo. Weka alama ndogo ya penseli ulipofika, uiangalie baada ya wiki mbili na si kila siku.

8. Simama na ukae. Hili ndilo ninalolithamini kuliko yote kwa mtu mzima, kwa sababu mapaja yenye nguvu ndiyo yanayokutoa kitandani na kukuzuia usianguke. Sogea mbele ya kiti, nyayo nyuma kidogo ya magoti, kifua kiinamie mbele huku mgongo umenyooka. Toa pumzi, simama. Tulia hadi kichwa kiwe safi. Kaa polepole, ukisikia kiti kabla ya kuachia uzito. Ukihitaji, jisukume kwa mikono mapajani. Anza na mara 5.

Watu hujitupa kwenye kiti. Kule kushuka polepole ndiko kunakojenga msuli, na kwa mwenye mifupa dhaifu kujitupa kunaweza kuvunja pingili ya mgongo.

9. Usawa. Simama nyuma ya kiti, mikono yote miwili juu ya mgongo wa kiti. Peleka akili kwenye nyayo: uzito uko visiginoni au vidoleni, kulia au kushoto? Hamishia uzito mguu mmoja, inua kisigino cha mwingine, kisha mguu wote ukiweza, kwa sekunde 10. Badilisha. Usifumbe macho hapa, na usiachie kiti kwa kutaka kujipima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Hatua ya 8 na hii ya 9 ndizo zinazokusogeza huko.

10. Tembea ukiwepo. Dakika 3 hadi 5, ndani au uani. Polepole kuliko kawaida yako. Kisigino kinagusa, unyayo unalala, vidole vinasukuma. Mikono ining'inie na kupunga yenyewe. Wengi huubana mkono wa upasuaji kwenye mbavu bila kujua. Akili ikiondoka, hatua inayofuata ndiyo ya kurudia.

11. Funga. Kaa tena. Pumzi tano. Andika mambo matatu kwenye daftari: ulivyofanya, uchovu wako kati ya 0 na 10, na jambo moja ulilolisikia mwilini. Maneno machache tu. Kesho yake asubuhi ongeza namba ya uchovu wa kuamkia, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokuambia kama jana ulizidisha.

Kuongeza kadiri wiki zinavyosonga

Kanuni ni kuongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kukikalia wiki nzima kabla ya kingine. Wiki ya tatu unaweza kurefusha kutembea kwa dakika 2. Wiki ya nne, kusimama na kukaa kufike mara 8. Lengo la mbali, kwa anayeweza, ni lile lililopendekezwa mwaka 2019 na jopo la wataalamu chini ya Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo: dakika 30 za mwendo wa wastani, mara 3 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu mara 2. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika 30 hizo zinaweza kuwa kumi kumi mara tatu.

Kuhusu kubeba uzito, wengi wenu mliambiwa zamani msiinue hata mfuko kwa mkono ule, maisha yote. Ushauri huo umebadilika. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya matiti. Waliobeba uzito mara mbili kwa wiki, wakisimamiwa mwanzoni na wakiongeza pole pole, hawakuvimba zaidi ya wale wasiobeba, na uvimbe wao ulipamba moto mara chache zaidi. Zingatia maneno "pole pole" na "wakisimamiwa". Anza na nusu kilo, chupa ya maji inatosha: kunja kiwiko na kukunjua, mara 8. Ukikaa wiki moja au zaidi bila kufanya, usirudie pale ulipoachia. Shuka, uanze tena kupanda.

Usiihukumu kazi hii kabla ya wiki 8. Programu ya kutuliza akili ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, na ambayo baadaye ilitumika sana kwa wagonjwa wa saratani, nayo hupangwa kwa wiki 8. Wiki mbili za mwanzo karibu kila mtu huona hakuna kinachobadilika.

Mambo yakienda kombo

*Mkono umekuwa mzito, pete inabana.* Simamisha mazoezi ya mkono huo, endelea na pumzi na kutembea. Uinue juu ya mito ukilala, upime kwa tepu. Kama kesho haujarudi hali yake, nenda kliniki. Uvimbe unaoshughulikiwa mapema hutulia kirahisi kuliko uliozoeleka.

*Nilijisikia vizuri sana, nikafanya kila kitu, leo siwezi kuamka.* Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote, na linawapata zaidi wale wenye bidii. Uchovu wa baada ya saratani hautendi kama uchovu wa kazi. Unaweza kudumu miezi au miaka, na ukilala tu hauishi. Harakati ndogo za kila siku ni miongoni mwa tiba zenye ushahidi wa kutosha. Lakini siku njema si siku ya kulipa madeni. Ukijisikia vizuri, fanya kiasi kile kile cha jana. Ukijisikia vibaya, fanya nusu, hata kama nusu hiyo ni kukaa na kupumua. Na kama uchovu unaongezeka wiki baada ya wiki, daktari apime upungufu wa damu na tezi ya shingo (thairoidi), aangalie dawa zako na hali ya hisia zako, maana huzuni ya muda mrefu nayo huchosha mwili.

*Joto la ghafla linanipanda katikati ya zoezi.* Kaa, legeza nguo shingoni, toa pumzi ndefu kuliko unavyovuta. Lifuatilie linavyopanda, linavyofika kilele, linavyoshuka. Halitibiki kwa kulifuatilia, ila ile hofu inayolizidishia ukali hupungua.

*Viungo vinauma kwa dawa za homoni.* Usiache dawa bila kumwambia daktari. Kunja na kukunjua vidole na magoti ukiwa bado kitandani kabla ya kuinuka. Kutembea mara kwa mara husaidia maumivu haya, ingawa siku za kwanza utahisi kama ni kinyume.

*Miguu ina ganzi, siisikii sakafu.* Fanya hatua ya 8 na 9 kwa viatu, kiti mbele na ukuta nyuma. Hatua ya 10 fanya karibu na ukuta, ukiangalia ulipokanyaga. Kagua nyayo zako kila jioni, kwa sababu kidonda cha mguu wenye ganzi hakikuiti.

*Nikitulia ninasinzia.* Fumbua macho, au anza na hatua ya 5 kisha urudi kwenye pumzi. Kama usiku hulali, huenda mwili unadai chake.

*Usiku silali.* Fanya hatua ya 4 ukiwa umelala, bila kujilazimisha kupata usingizi. Wanaopenda mwendo wa polepole wenye mpangilio wajaribu tai chi, mazoezi ya Kichina ya aina hiyo, kwa mwalimu anayejua hali yao. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles walichapisha utafiti wa wanawake 90 waliotoka kwenye saratani ya matiti na kukosa usingizi, wa miaka 42 hadi 83: tai chi haikupitwa na tiba ya kisaikolojia ya usingizi, ambayo ndiyo inayoaminiwa zaidi.

*Kila kiungo kinapouma nadhani imerudi.* Karibu kila aliyepitia ugonjwa huu anaijua hofu hiyo, na huzidi siku zinazotangulia kliniki. Usibishane nayo. Weka nyayo chini, sema kimoyomoyo "hii ni hofu, imekuja," kisha itafute mwilini: kooni, tumboni, kifuani? Pumua nayo mara tano. Baada ya hapo chukua daftari uandike maumivu yenyewe: yako wapi, yameanza lini, yanaongezeka au yanapungua. Yakipita ndani ya siku chache, umeshaona. Yakidumu wiki mbili au yakizidi kukua, daftari hilo nenda nalo kwa daktari bila kusubiri tarehe ya marudio, umsomee ulichoandika. Na ikiwa ni hofu yenyewe isiyokuachia kula, kulala wala kukaa na watu, mwambie hilo pia, kwa maneno hayo hayo. Ina matibabu yake.